Gazeti la Bure la Chicago: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Chicago Reader

Ukurasa huu ni wa msomaji aliyekutana na jina la Chicago Reader kwenye habari za polisi, za katuni au za biashara ya magazeti, akataka kujua ni gazeti la namna gani. Maswali mengi yanayoulizwa yanazunguka jambo moja: kama msomaji halipi, nani analipa, na huyo anayelipa anataka nini? Kwa hiyo majibu ya huko ni marefu, na mengine ni ya mstari mmoja miwili.

Chicago Reader ni gazeti la aina gani?

Ni gazeti la bure la jiji la Chicago, Marekani. Toleo la kwanza lilitoka tarehe 1 Oktoba 1971, na kwa sehemu kubwa ya uhai wake limekuwa likitoka kila Alhamisi. Linaandika siasa za jiji, polisi, shule, makazi, muziki, maigizo, filamu na chakula. Ukitaka matokeo ya mechi ya jana au ajali ya leo asubuhi, hutayapata humo. Hizo ni kazi za Tribune na Sun-Times, magazeti ya kila siku ya jiji hilo.

Linaitwa gazeti mbadala. Mbadala wa nini hasa?

Wa hayo magazeti ya kila siku. Aina hii ya gazeti kwa kawaida hufuatiliwa hadi Village Voice la New York, lililoanzishwa mwaka 1955. Miaka ya 1960 yakafuata magazeti ya vijana waliopinga vita vya Vietnam, mengi yakiwa ya hasira, ya michoro ya rangi kali na ya maisha mafupi. Reader lilizaliwa mwishoni mwa wimbi hilo, lakini waanzilishi wake hawakuwa na haja ya kupindua serikali. Walitaka gazeti ambalo vijana wa mjini wangelisoma hadi mwisho.

Nani walilianzisha?

Kikundi cha marafiki waliosoma pamoja Carleton College, chuo cha jimbo la Minnesota, wakiongozwa na Robert Roth. Hawakuwa na mtaji wa maana, na miaka ya mwanzo walifanyia kazi katika nyumba walizokuwa wakiishi. Roth alikuwa ameyaona magazeti ya Boston yaliyokuwa yakiuzwa mitaani lakini yakigawiwa bure vyuoni ili kuongeza idadi ya wasomaji. Akajiuliza kwa nini nusu bure na nusu kuuza. Akaamua kugawa yote.

Uamuzi huo unaonekana mdogo leo, lakini wakati ule ulikuwa mgeni kabisa kwa gazeti lililotaka kuheshimiwa. Hata Village Voice liliendelea kuuzwa kwa miongo minne, na kuwa la bure Manhattan mwaka 1996 tu.

Kama ni la bure, nani analipa mishahara na wachapaji?

Watangazaji. Ila hapa inafaa kwenda polepole, maana neno "watangazaji" humfanya mtu afikirie kampuni kubwa za magari na benki. Nguvu ya Reader ilitoka kwa watu wadogo: mwenye chumba cha kupangisha, anayetafuta mpiga besi wa bendi yake, mwenye kochi la kuuza, klabu ya jazi inayotangaza ratiba ya wiki, duka la rekodi, daktari wa meno anayetafuta wateja wapya, na mtu mpweke anayetafuta mwenza. Kila mmoja alilipa kidogo. Wakikusanyika maelfu kila wiki, fedha zilitosha.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Gazeti liliwekwa kwa mabunda kwenye milango ya maduka ya vitabu, baa, migahawa, kumbi za maigizo, maduka ya kufulia nguo, na kwenye masanduku ya barabarani yasiyo na kufuli wala tundu la sarafu. Mtu alichukua nakala akiwa anapita. Wakati gazeti likistawi, nakala zaidi ya 100,000 zilitoka kila wiki, zikiwa na sehemu nne zilizokunjwa pamoja. Waliokuwa wakitafuta nyumba ya kupanga waliwahi masanduku mapema Alhamisi ili wapige simu kabla ya wengine. Wengi wao walichukua gazeti kwa ajili ya vyumba, kisha wakajikuta wamesoma makala ya ukurasa wa mbele wakiwa kwenye treni.

Kwangu mimi hiyo ndiyo siri ya gazeti zima. Gazeti linalouzwa kibandani lina sekunde chache za kumshawishi mpita njia, na kichwa cha habari lazima kipige kelele. Reader halikuwa na haja hiyo, kwa sababu msomaji alikuwa anakuja kwa jambo lingine. Wahariri wakawa huru kuweka mbele habari isiyo na damu, isiyo na mtu maarufu, na ambayo mhasibu yeyote angesema haitauza. Na kwa kuwa hakuna mtangazaji mmoja aliyebeba gazeti mgongoni, hakuna mmoja aliyeweza kumpigia mhariri simu na kumtisha.

Basi lilikuwa huru kabisa?

Hapana. Anayelipwa na watangazaji hupeleka gazeti wanakoishi wateja wa watangazaji. Kwa miaka mingi Reader lilikosolewa kwamba masanduku yake yalijaa zaidi mitaa ya kaskazini na kandokando ya ziwa Michigan, walikoishi vijana wa Kizungu wenye fedha za kutumia, huku sehemu kubwa ya kusini na magharibi mwa jiji, wanakoishi Wamarekani Weusi wengi, ikipata nakala chache. Chicago ni jiji lililogawanyika kwa rangi hadi leo, na ramani ya usambazaji ilifuata mgawanyiko huo. Lawama hiyo ilikuwa ya haki, na inauma zaidi ukijua kazi kubwa kuliko zote za gazeti hili ilihusu nani. Nitaifikia hapa chini.

Ni kweli waliwahi kuchapisha makala ndefu kupita kiasi kuhusu nyuki?

Ndiyo, mwaka 1977. Mhariri wao Michael Lenehan aliandika makala ya maneno yapatayo 19,000 kuhusu ufugaji wa nyuki. Ukurasa huu unaousoma una maneno kama 2,000, kwa hiyo piga hesabu. Makala hiyo ikapata tuzo ya uandishi wa sayansi ya shirika la wanasayansi wa Marekani, AAAS.

Watu huitaja kwa utani, nami naona utani huo una haki yake. Si kila makala ndefu ya Reader ilistahili urefu wake, na baadhi zingepona kwa mkasi. Lakini mahali panapokubali maneno 19,000 ya nyuki ndipo mwandishi anapoweza kukaa mahakamani wiki nyingi kufuatilia kesi ambayo hakuna mwingine anayeijali.

Ni kesi gani hiyo?

Kesi ya Andrew Wilson dhidi ya polisi wa Chicago. Hii inahitaji nafasi.

Februari 1982 maofisa wawili wa polisi waliuawa kusini mwa Chicago. Wilson alikamatwa, na akatiwa hatiani kwa mauaji hayo. Lakini alitoka mikononi mwa polisi akiwa na majeraha na alama za kuungua, akasema aliteswa: alibanwa kwenye bomba la joto la ukutani na kupigwa shoti kwa kifaa cha umeme cha kuzungushwa kwa mkono. Kituo alichohojiwa kiliitwa Area 2, na mkuu wa wapelelezi wa uhalifu wa kutumia nguvu hapo alikuwa Jon Burge.

Mwaka 1989 kesi ya madai aliyoifungua Wilson, akiwa mfungwa, ilisikilizwa mahakamani. Fikiria jinsi mlalamikaji huyo alivyokuwa mgumu kuhurumiwa: muuaji wa polisi anayedai fidia kutoka kwa polisi. Magazeti makubwa hayakuipa kesi hiyo uzito. John Conroy wa Reader alikwenda kuisikiliza. Kesi ikiendelea, mawakili wa Wilson wakaanza kupokea barua zisizo na jina, ndani ya bahasha za idara ya polisi yenyewe. Mwandishi wa barua hizo alionekana kuijua Area 2 kwa ndani, na alielekeza mawakili kwa mtu mwingine aliyedai kuteswa na Burge siku chache tu kabla ya Wilson. Kutoka kwa huyo wakampata mwingine, na mwingine.

Wilson hakushinda kesi ile. Lakini Januari 1990 Conroy alichapisha makala ndefu iliyoweka ushahidi wote mezani, upande wa Wilson na upande wa polisi, bila kupandisha sauti. Jiji halikuwaka moto. Mwandishi mwingine angehamia habari nyingine. Conroy alirudi, akaandika tena na tena kwa miaka 17.

Yakaleta nini maandishi hayo?

Hayakuwa peke yake. Kulikuwa na mawakili, familia za wafungwa na wanaharakati walioandamana, na kuwasahau hao ni kulipa gazeti sifa isiyo yake. Ila mlolongo ni huu: Burge alisimamishwa kazi 1991 na kufukuzwa 1993. Mwaka 2003 gavana wa Illinois, George Ryan, aliwasamehe wafungwa wanne waliokuwa wakisubiri adhabu ya kifo kwa maungamo waliyosema yalitolewa kwa mateso ya Burge na watu wake. Muda wa kisheria wa kumshtaki kwa mateso yenyewe ulikuwa umepita, kwa hiyo waendesha mashtaka wa serikali kuu walimkamata mwaka 2008 kwa kusema uongo chini ya kiapo. Alipatikana na hatia 2010, akahukumiwa kifungo cha miaka minne na nusu. Mwaka 2015 baraza la jiji liliomba radhi rasmi, likatenga dola milioni 5.5 za fidia kwa waathirika, na kuagiza habari hiyo ifundishwe katika shule za umma za jiji. Waathirika wanaojulikana wamezidi 100, karibu wote wanaume Weusi.

Na Conroy? Desemba 2007 wamiliki wapya wa Reader walimpunguza kazi pamoja na waandishi wengine watatu. Burge alikamatwa miezi kumi baadaye.

Kuna habari nyingine kubwa iliyotoka humo?

Zipo nyingi. Nitataja moja tu, ya mita za maegesho ya magari. Desemba 2008 meya Richard M. Daley alipeleka barazani mkataba wa kukodisha mita zote za barabarani, zipatazo 36,000, kwa kampuni binafsi kwa miaka 75, kwa dola bilioni 1.15. Madiwani walipitisha siku mbili baada ya kutangazwa, kura 40 kwa 5. Ada za kuegesha zikapaa. Ben Joravsky na Mick Dumke wa Reader wakauchambua mkataba huo mwaka 2009, hatua kwa hatua: nani alijua nini, nani alipiga kura bila kusoma. Mkaguzi mkuu wa jiji naye mwaka huo huo alikadiria kwamba mita hizo zilikuwa na thamani ya dola milioni 974 zaidi ya zilizolipwa. Mkataba bado unaendelea, na madereva wa Chicago bado wanalaani.

Je, ni gazeti la udaku? Nimesikia lilikuwa na matangazo ya mapenzi.

Si udaku. Matangazo ya wapweke yalikuwepo, na yalikuwa kati ya kurasa zilizosomwa sana, hata na watu waliooa. Nyuma kabisa kulikuwa pia na matangazo ya watu wazima, kama ilivyokuwa kwa karibu magazeti yote ya aina hii. Fedha hizo zilisaidia kulipia uchunguzi wa polisi, ukweli ambao wahariri wengi wa magazeti mbadala walipenda usizungumzwe sana mezani.

Vipi safu za burudani na katuni?

Safu mashuhuri ilikuwa The Straight Dope, iliyoanza 1973, ambamo mtu anayejiita Cecil Adams alijibu swali lolote la wasomaji kwa utafiti na dharau ya kuchekesha. Cecil Adams ni jina la kalamu. Ilidumu hadi 2018.

Kwa upande wa katuni, mwaka 1979 Roth alimpigia simu mchoraji kijana asiyejulikana, Lynda Barry, akamwahidi dola 80 kwa wiki. Barry amesimulia kwamba kiasi hicho kilimtosha kuishi. Michoro yake ikaenea magazeti mbadala nchi nzima, na wengi wa kizazi chake cha wachoraji, akiwemo Matt Groening aliyekuja kuunda The Simpsons, walijifunzia kazi katika kurasa za magazeti ya namna hii.

Linaegemea chama gani?

Hakuna chama kinacholimiliki. Waandishi wake wengi ni wa mrengo wa kushoto na hawafichi. Lakini Chicago imetawaliwa na Wademokrati tangu 1931, kwa hiyo gazeti linalochunguza ukumbi wa jiji hilo linachunguza Wademokrati, liwe limetaka au halikutaka.

Kwa nini mambo yaliharibika?

Intaneti ilimchukua yule mwenye chumba cha kupangisha. Tovuti ya Craigslist ilianza San Francisco mwaka 1995 na kuanzia 2000 ikaenea miji mingine, Chicago ikiwemo. Tangazo likawa halina gharama, linaonekana papo hapo, na mpangaji hahitaji kungoja Alhamisi.

Mara nyingi husemwa kuwa watu waliacha kusoma. Mimi nadhani hilo linakosa shabaha. Msomaji hakuwahi kulilipa Reader hata senti, kwa hiyo kuondoka kwake peke yake kusingeliangusha. Waliolipa ndio walioondoka. Na walipoondoka, ule uhuru wa ukurasa wa mbele ukabaki bila mfadhili.

Ni kweli liliwahi kuuzwa kwa dola moja?

Ndiyo, mwaka 2018, ingawa mnunuzi alibeba na madeni. Njia ya kufika hapo ilikuwa hivi. Waanzilishi waliuza Julai 2007 kwa Creative Loafing, kampuni ya magazeti ya kusini mwa Marekani, iliyonunua kwa mkopo mkubwa na kuomba ulinzi wa mufilisi mwaka mmoja tu baadaye. Mwaka 2009 mkopeshaji, Atalaya Capital, akalichukua. Mwaka 2012 likanunuliwa na Wrapports, wamiliki wa Sun-Times, kwa maana kwamba gazeti mbadala liliingia chumba kimoja na gazeti la kila siku lililokuwa likipingana nalo. Miaka sita baadaye ndipo wakaja wawekezaji wawili wa Chicago, Elzie Higginbottom na Leonard Goodman, na dola yao.

Mbona kulikuwa na maandamano nje ya nyumba ya mmiliki?

Mpango ulikuwa kuligeuza Reader kuwa taasisi isiyo ya faida, ili liweze kupokea michango na ruzuku. Novemba 2021 Goodman, aliyekuwa na safu yake gazetini, aliandika kuhusu kusita kumchanja mtoto wake dhidi ya UVIKO-19. Wasomaji na wafanyakazi wakalalamika, menejimenti ikaifanyia makala hiyo uhakiki upya wa ukweli, naye akaona ni udhibiti wa maoni. Akagoma kutia saini ya kuliachia gazeti liwe la taasisi hiyo. Miezi ikapita, fedha zikakauka, na wafanyakazi wakaenda kuandamana mtaani kwake. Aliachia Aprili 2022, na mwezi uliofuata gazeti likahamia taasisi mpya.

Kila upande una wafuasi wake hadi leo. Ninachokiona ni kwamba gazeti lililoponea kwa miongo mitatu kwa kuwa na walipaji maelfu lilifikia mahali ambapo saini ya mtu mmoja ingeweza kulifunga.

Bado linachapishwa? Ni la nani sasa?

Bado lipo. Janga la UVIKO lililazimisha lichapishwe kila baada ya wiki mbili kuanzia Juni 2020, likarudi kila wiki mwaka 2024, kisha Januari 2025 likapunguza wafanyakazi kwa ukata. Agosti 2025 lilinunuliwa na Noisy Creek, kampuni inayomiliki The Stranger la Seattle na Portland Mercury. Ratiba ya uchapishaji imekuwa ikibadilika, hivyo ni salama kuangalia tovuti yao kuliko kunukuu ukurasa huu.

Magazeti mengine ya aina hii yaliishia wapi?

Boston Phoenix lilifungwa 2013, San Francisco Bay Guardian 2014, City Paper la Philadelphia 2015, na la Baltimore 2017. Village Voice lilisitisha karatasi 2017, likafungwa 2018, kisha likafufuliwa na mmiliki mwingine 2021. Hilo la mwisho ndilo lililopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2000 kwa mfululizo wa Mark Schoofs kuhusu UKIMWI barani Afrika. Willamette Week la Portland bado linasimama. Mwandishi wake Nigel Jaquiss alipata Pulitzer 2005 kwa kufichua kwamba gavana wa zamani wa Oregon alimnyanyasa kingono msichana mdogo alipokuwa meya.

Makala za zamani zinasomeka wapi?

Nyingi ziko kwenye tovuti ya Reader bila malipo. Ukitaka mfululizo wa Conroy, zisome kwa mpangilio wa miaka, kwa sababu kila moja inajibu swali lililoachwa wazi na iliyotangulia. Ya 1990 inaeleza kesi ya Wilson. Ya 1996 inauliza kwa nini jiji lenye waandishi, majaji na makasisi wengi kiasi hicho lilijua na kunyamaza. Ya 2005 inafuatilia utumishi wa Burge akiwa polisi wa jeshi huko Vietnam, ambako simu za uwanja wa vita, zile za kuzungushwa kwa mkono, zilitumiwa kuwapiga shoti mateka. Conroy aliwatafuta askari waliokuwa kambi moja naye. Baadhi yao walikubali kuzungumza.